Baba Yangu, Mwenye Dhambi

Insha yangu ya kwanza ya Kifaransa ilikuwa na mistari sita, na kwa mistari hiyo sita nilimtia baba yangu mzazi motoni.

Mzee ni mvuvi, Kilwa Kivinje. Anauza samaki wa chumvi: nguru, papa, chochote bahari itakachompa. Nilitaka kuandika "Mon père est pêcheur. Il vend du poisson salé." Sasa zile alama za juu ya herufi mimi nilizichukulia kama pilipili ya mezani, apendaye atie. Pêcheur nikaivua kofia, nikaipa kistari cha mshazari. Ikawa pécheur, mwenye dhambi. Kwenye poisson nikajiuliza, s mbili za nini? Nikabana matumizi. Poison ni sumu. Salé sikuitia chochote, na sale ni chafu.

"Baba yangu ni mwenye dhambi. Anauza sumu chafu."

Madamu wetu, mtu wa Lubumbashi, alivua miwani. "Papa yako ni mutu ya zambi?"

Kwao papa ni baba. Kwetu papa ni yule mwenye meno. Nikadhani anauliza mambo ya halali na haramu.

"Papa hana dhambi, madamu. Tunamkata vipande, tunamtia chumvi, tunamwanika juani, tunamla kwa ugali wa muhogo."

Darasa kimya.

"Na mama yako alisema nini?"

"Mama ndiye anayempika."

Tulipokuja kuelewana, madamu alikuwa ameegemea ubao, machozi yanamtoka. Akatueleza kwamba ile kofia mara nyingi ni kaburi la s ya zamani: forêt iliwahi kuwa forest, na mvuvi naye alikuwa na s yake kabla haijazikwa. Na s moja ikikaa peke yake kati ya irabu mbili, Wafaransa huisoma z. Yaani hata mdomoni nilikuwa nauza sumu. Nilikuwa naisema hivyo tangu wiki ya kwanza, na kwa sauti, maana nilijiona hodari.

Jioni nikampigia mzee, nikamsimulia yote. Akanyamaza kidogo.

"Hilo la dhambi, Mungu ndiye ajuaye," akasema. "Lakini samaki wangu wachafu, nani kasema?"