Taa ya dashibodi haijakwambia ukanunue kitu

Gari yangu imeshapita miaka ishirini na naipenda, na kitu kinachoniuma sana kwa sisi wenye magari ya zamani ni hii tabia ya taa kuwaka kwenye dashibodi halafu mtu huyo anakimbilia dukani kabla hata hajapima chochote. Taa ya betri imewaka, basi betri mpya. Bado inawaka, basi altaneta, ile inayochaji betri. Bado, basi tubadilishe na kompyuta ya gari. Hela imeisha na taa ipo palepale. Kule ni kupiga ramli, sio kutengeneza gari.

Naongea kwa uchungu maana yalinikuta. Taa ya betri ilikuwa inawaka kwa mbali, yaani hafifu, usiku nikiwasha taa kubwa na feni, nikizima inapotea. Fundi akasema altaneta imekufa, tukafunga nyingine, wiki haijaisha taa ikarudi. Halafu yakaanza mauzauza, nikiwasha indiketa mshale wa temprecha nao unacheza kufuatisha mlio wa indiketa, tik tik, unapanda unashuka. Nikajua hapa kuna kitu kingine kabisa.

Nikaazima mita ya kupimia volti. Nikapima kwenye altaneta yenyewe, waya mwekundu kwenye bolti yake kubwa ya nyuma na mweusi kwenye chuma chake, ikasoma 14.3. Nikaja kwenye betri ikasoma 13.1. Sasa hiyo volti moja na ushee imepotelea wapi? Gari ikiwa inaunguruma na taa zote zimewashwa, nikagusa ncha moja kwenye negativu ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, ikasoma 1.1, na pale inatakiwa iwe karibu na sifuri, ikizidi 0.2 ujue kuna shida. Ule mkanda wa erthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi kwa macho ulikuwa mzima kabisa, bolti imekaza vizuri, lakini nilipoufungua na kuukunja tu nyuzi zikakatika kama nyasi kavu na ndani umejaa unga wa kijani. Nikasugua chuma kwa msasa mpaka kikang'aa, nikafunga mkanda mpya, nikapaka grisi juu. Betri 14.2, mshale umetulia, taa imezimika.

Ndo maana nasema anza na erthi. Umeme ukitoka lazima urudi, na ukikuta njia yake ya kurudi imeliwa na kutu unajitafutia nyingine, unapita kwenye taa ya jirani au kwenye sensa, ndo hapo unakanyaga breki na indiketa inawaka hafifu. Ukiona vitu viwili visivyohusiana vinasumbua kwa pamoja, usihangaike na kimoja kimoja, tafuta pale vinapokutana.

Na mita sio kitu cha kuogopa. Gari ikilala usiku mzima, asubuhi betri nzima yenye chaji inasoma kama 12.6, ikisoma 12.0 imeshaisha karibu yote. Ukiwasha injini, magari mengi ya umri huu yanatakiwa yasome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Namba mbili tu hizo zingeokoa altaneta nyingi sana.

Kuna na hili la kuwasha switchi kabla ya kupiga stata. Taa zote za onyo zinatakiwa ziwake kwanza halafu zizimike injini ikishawaka. Ile ambayo haiwaki kabisa ndo ya kuitilia shaka, maana wengine wakitaka kuuza gari wanachomoa balbu ya ABS (breki zinazozuia tairi kukwama) mnunuzi asione. Na kwenye magari mengi ya zamani balbu ya taa ya betri ndo inayopeleka umeme wa kuamshia altaneta, balbu ikiungua altaneta inaweza isichaji na wala usione dalili yoyote kwenye dashibodi mpaka gari ikuzimikie njiani.

Taa nyekundu ya oili sitaki mjadala, ikiwaka ukiwa unaendesha, paki pembeni salama, zima injini hapo hapo, usiseme nitafika tu. Ile ya njano ya injini ikiwa inapepesa, punguza mwendo na usiilazimishe, maana silinda inakosa kuchoma na petroli mbichi inaenda kuunguza katalisti, kile kisafisha moshi kwenye ekzosi.

Ikiwa haipepesi, imetulia tu, soma kodi kwanza, yaani namba ya hitilafu ambayo kompyuta imeihifadhi. Magari yaliyouzwa Marekani kuanzia 1996 yana plagi ya OBD2, Ulaya ya petroli kuanzia 2001, kimashine kidogo tu kinasoma. Lakini kodi inakwambia kompyuta imeona nini, haikwambii kipi kimekufa. P0171 maana yake hewa imezidi petroli, na watu wakiiona wanabadilisha sensa ya oksijeni moja kwa moja wakati mara nyingi ni mpira wa vakyumu (bomba linalobeba mvuto wa hewa wa injini) umepasuka unavuta hewa, umekaa tu pale nyuma ya injini, ukiubinya unaona ufa. Kinachonikera zaidi ni mtu kuchomoa betri ili taa izime. Umefuta kodi, umefuta na kumbukumbu ya injini ilikuwa kwenye hali gani tatizo lilipotokea, yaani ushahidi wote umeutupa na ugonjwa umebaki.

Na jamani, fyuzi ya ampea 10 ikiungua msiweke ya 30 wala kipande cha waya. Fyuzi imeungua ili waya usiungue, ukiiziba mdomo zitaungua waya ndani ya dashibodi na moto wa gari hausubiri mtu. Vilevile ule mtindo wa kuchomoa betri injini ikiwa inawaka eti kupima altaneta uacheni, volti inaruka ghafla na kompyuta inaweza kufa pale pale, na jibu lenyewe mita inakupa kwa sekunde kumi.

Ile altaneta yangu ya kwanza sikuitupa. Juzi nimeipeleka kwa fundi mwingine akaifunga kwenye mashine yake ya kupimia, ikatoa 14.3 bila shida yoyote.