Kwa Ndugu Siuzi

Kila anayefanya kazi za mikono anaijua sentensi hii: "Na mimi nifumie kamoja, nitakulipa." Husemwa mlangoni, mgeni ameshavaa viatu na anaaga, na kwa kawaida husemwa na ndugu: wifi, binamu, mama mdogo. Nia ni njema kabisa. Jibu langu siku hizi ni fupi na huwashangaza wengi. Kwa ndugu siuzi. Ama nitakupa bure, ama hutapata.

Najua linavyosikika. Wapo wanaodhani ninaringa, na wapo wanaonionea huruma kwamba riziki inanipita mlangoni nami naitazama. Sababu ninazo, na ya kwanza ni hesabu tu.

Chukua sweta ya mtu mzima inayofumwa kwa sindano mbili. Uzi wa unene wa kati hutoa kama vitanzi 22 kwa mistari 30 kwenye kipande cha sentimita 10 kwa 10. Mgongo wenye upana wa sentimita 50 na urefu wa sentimita 65 una vitanzi 110 kwa mistari 195, yaani vitanzi 21,450. Kifua nacho ni vivyo hivyo, ukitoa tundu la shingo. Mikono bado. Ukosi bado. Kuunganisha na kuficha ncha za uzi bado, na hiyo ndiyo kazi ambayo hakuna mfumaji anayeipenda, hata akikuambia vinginevyo. Sasa binamu yangu anataka nimtajie bei. Nikitaja inayolipa saa zangu, ataona namchuna. Nikitaja ya kindugu, nitakuwa nimefanya kazi kwa ujira ambao yeye mwenyewe asingeamka asubuhi kwenda kuufuata. Na bei ya kindugu ikishatamkwa mara moja haibaki siri ya watu wawili. Inazunguka ukoo mzima, na atakayefuata anaanzia hapo kuomba apunguziwe.

Watu wengi wanadhani kazi hizi sasa zinafanywa na mashine, kwa hiyo bei yetu wafumaji ni ukaidi tu. Mama mdogo alikuja kututembelea na mkoba mpya begani, wa kufumwa kwa ndoano, ile sindano moja yenye ncha iliyopinda, kaununua dukani. Akanichokoza: "Ona, wenzio wanatumia mashine, tena bei poa." Nikaomba niushike. Nikaugeuza, ndani kukawa nje. Pale uzi ulipoisha na mwingine kuungwa palikuwa na ncha mbili zilizofichwa kwa sindano, moja kwa uangalifu na nyingine kwa haraka, kama kazi ya mtu anayekimbizana na giza. Karibu na mkanda kitanzi kimoja kilikuwa kimerukwa, kisha kikafidiwa kwenye duara lililofuata kwa kufuma vitanzi viwili mahali pa kimoja.

Nikamweleza. Kufuma kwa sindano mbili kulipata mashine zamani sana. Mwingereza William Lee aliunda ya kufumia soksi mwaka 1589, na sweta nyingi zinazovaliwa leo ni za kiwandani. Ndoano ni habari nyingine. Kitanzi kipya kinaweza kuchomekwa popote, mbele, nyuma, katikati ya kazi ya jana, na viwanda mpaka sasa vinatoa vitu vya kufanana na hiyo kazi, si kazi yenyewe. Kwa hiyo mkoba ule ulifumwa na mtu aliyeketi mahali, kitanzi kwa kitanzi, kama ninavyofuma mimi. Msafirishaji amechukua chake, mwenye duka amechukua chake, na bado bei ni poa. Piga hesabu mwenyewe kilichomfikia aliyefuma.

Mama mdogo akasema nimemharibia mkoba wake. Bado anaubeba, na aubebe tu. Ni mkoba mzuri, na aliyeufuma anaijua kazi.

Sina ugomvi na wafumaji wanaouza. Kuuza kwa mtu baki kuna usafi wake: anaona bei, anachukua au anaacha, na rangi isipompendeza anasema hapo hapo. Ndugu asipoipenda rangi, mama yangu ndiye anayeletewa habari. Ndugu akichelewa kulipa, huwezi kumkumbusha kwenye msiba au kwenye harusi, na kwetu sisi wenye ukoo mkubwa hatukutani kwingine. Ukishamuuzia mtu kitu, kila ziara inayofuata ina mtu wa tatu sebuleni, naye ni lile deni.

Nikisema sipokei oda, watu hudhani sifanyii mtu kazi. Nafanya, tena sana. Cherehani yangu inajua suruali za ukoo mzima. Hapa nina lalamiko dogo, nalo ni kuhusu maneno "dakika mbili tu". Anayeleta suruali ipunguzwe urefu anaona mstari mmoja wa kushona kuzunguka mguu. Haoni kwamba lazima pindo la zamani lifumuliwe kwanza, uzi kwa uzi, kitambaa kisichanike. Kwamba alama ya mkunjo wa zamani hupigwa pasi mpaka ife. Kwamba uzi uliomo kwenye cherehani ni mwekundu na suruali ni ya bluu, kwa hiyo wa juu unabadilishwa, na bobini ya chini nayo. Mguu mmoja ukishakatwa, wa pili haukatwi kwa kufuata wa kwanza bila kumvalisha mwenyewe, maana watu wachache sana wana miguu inayolingana. Kushona kwenyewe ndiko kunakochukua dakika mbili. Nafanya kwa moyo mweupe, ila nataka anayeleta aketi hapo hapo kitini mpaka imalizike, ashuhudie. Wengi hawarudii tena yale maneno.

Na mkasi wa kitambaa usiguswe. Ndani ya nyumba hii una kamba nyekundu kwenye mpini, na watoto wote wa ndugu wanajua kwamba ukikata karatasi na mkasi wenye kamba nyekundu, hata kama ni kadi ya kunitakia heri, utanisikia. Karatasi hula makali, na mkasi ulioliwa makali haukati hariri, unaitafuna.

Ziara zenyewe ndizo zinazonipa nafasi kubwa ya kufuma, jambo ambalo wageni wapya hawaliamini. Nililelewa nikiambiwa mgeni akiingia weka kazi chini, umtazame usoni. Nimeliacha hilo. Mgeni anayekaa saa nne hawezi kutazamwa usoni saa nne. Atachoka yeye kabla yangu. Ninachofanya ni kuwa na kazi ya wageni, iliyo kwenye kikapu chake, tofauti na kazi ninayofanya nikiwa peke yangu. Kazi ya wageni ni miraba ya blanketi, au skafu iliyonyooka mwanzo hadi mwisho, kitu ambacho vidole vinakifanya bila kuuliza kichwa. Kazi ya maua yenye matundu, ya kuhesabu "tatu, ruka mbili, tano", haikai mbele ya watu. Utahesabu kumi na saba, shangazi atauliza mtoto wa fulani ana miaka mingapi sasa, utajibu kumi na saba, na zote mbili zitakuwa si kweli.

Mikono ikiwa na kazi, mazungumzo yanapata njia nyingine. Kuna mambo mtu hawezi kuyasema akitazamwa. Binamu mmoja alinisimulia jinsi ndoa yake ilivyoyumba akiwa ameshika fungu langu la uzi. Uzi mwingine huuzwa ukiwa umesokotwa kama kamba nene, na huwezi kuufuma hivyo. Lazima ulifungue fungu, mtu mmoja alivishe kwenye viganja vyake viwili, mikono ameiachanisha kama anayepima urefu wa samaki, na mwingine aviringe donge. Anayeshika anayumbisha mikono kushoto na kulia ili uzi utoke. Hawezi kunyanyuka, hawezi kushika simu, na macho yote mawili yako kwenye uzi. Fungu moja la gramu 100 la uzi wa kati lina zaidi ya mita 200, kwa hiyo lina nafasi ya kutosha. Tulipomaliza donge alikuwa amemaliza habari yake. Sikumshauri lolote, nilimwomba tu ashike fungu la pili.

Turudi kwenye kutoa bure, maana hapo ndipo wengi wanaponikamata: kama ni bure, kwa nini si kila mtu anapata? Kwa sababu nachagua, na sioni haya kuchagua. Simtazami anayesifu zaidi. Sifa ni rahisi. Namtazama anayeuliza kinafuliwaje. Swali hilo ndilo mtihani wangu wote. Sufu halisi ina magamba madogo sana kwenye kila unyuzi. Ukiiweka kwenye maji ya moto na kuisugua, magamba hushikana, na sweta ya baba inatoka kwenye mashine ikiwa ya mtoto, ngumu, na hakuna dawa ya kuirudisha. Asiyeuliza namfumia kwa akriliki, inayovumilia mashine na mtu asiye na subira, au simfumii. Kwa watoto wachanga natumia pamba au akriliki kwa kila mtu, nafuma kwa kubana ili vidole visinase kwenye matundu, na siweki vifungo. Mama aliyejifungua juzi hana muda wa kufua kitu kwa mkono kwenye maji ya vuguvugu.

Mtihani wa pili hujitokeza wenyewe baadaye: mtu anarudi na kitu kilichotoboka. Shangazi huja na sweta yake karibu kila ziara. Safari hii ilikuwa kitanzi kilichochomoka karibu na kiwiko na kuteremka mistari mingi, kikaacha mwanya wenye vijiti vya uzi vilivyolala kimoja juu ya kingine. Ukiona hivyo mara ya kwanza unadhani nguo imekwisha. Kumbe vijiti vile vyote ni vizima. Unachukua ndoano nyembamba, unakamata kitanzi kilichobaki chini kabisa, unavuta kijiti cha kwanza kupitia ndani yake, kinakuwa kitanzi kipya, unavuta cha pili kupitia hicho, na kupanda hivyo hivyo mpaka juu. Pale juu unakifunga kwa kipande cha uzi wa asili. Ndiyo maana sitoi kitu bila kubakiza uzi wake kwenye bahasha, na lebo yake humo ndani. Lebo ina namba ya rangi, na pia namba ya kundi la uzi uliotiwa rangi pamoja. Ukinunua rangi ile ile ya kundi jingine, usiku hutaona tofauti, lakini ukitoka juani kiwiko kitapiga kelele.

Shangazi alikuwa ameketi akitazama mwanya ukijifunga. Akauliza kama haichoshi kutengeneza kitu kile kile kila mara. Nikamwambia sweta inayorudi imevaliwa. Zile zisizorudi ndizo zinazonitia wasiwasi, ziko kabatini zinasubiri nondo.

Ila siulizi. Nikishatoa, haki yangu imekwisha. Blanketi nililolifumia familia moja nililikuta limetandikwa kwenye buti la gari lao, juu yake kuna jeki na galoni la maji. Lilikuwa na miraba ya rangi nne na ukingo wa mawimbi ambao ulinitoa jasho. Moyo ulishtuka, siwezi kusema haukushtuka. Lakini lilikuwa lao, na kusema kweli lilikuwa linafanya kazi, jeki haikugonga bati. Ningeliuza, ningejisikia vivyo hivyo, na juu yake ningekuwa na fedha kidogo za kunikumbusha nilivyokosea bei.

Wifi yangu hakuridhika na msimamo huu. Alitaka foronya za mito sita za kumpa rafiki yake, na akasema kwa kuwa rafiki si ndugu, basi niuze. Hoja nzuri, nilicheka. Nikamwambia rafiki ni wake, foronya afume yeye, mimi nitatoa uzi na Jumamosi zangu. Alidhani natania. Sasa anakuja, na mraba wake wa kwanza ulianza na vitanzi 30 ukaishia na 19, umechongoka kama bendera ya meli. Kosa ni lile la kila anayeanza na ndoano: kitanzi cha mwisho cha mstari hujificha ukingoni, hukioni, unageuza kazi bila kukifuma, na kila mstari unapungua. Nimemfungia alama ya uzi mwekundu kwenye kitanzi cha kwanza na cha mwisho, na anahesabu kwa sauti kila anapofika ukingoni, kaka yangu akilalamika kwamba hasikii taarifa ya habari. Mraba wa pili una 30 juu na 30 chini. Mito mingine mitano bado, na juzi ameanza kuniuliza, bila kunitazama, rafiki yake atozwe bei gani.