Nyumba Yenye Mtoto Mdogo Ipunguzwe, Isiongezewe

Mama yangu alipokuja kumwona mjukuu wake wa mwaka mmoja na nusu, alisimama katikati ya sebule, akazungusha macho, kisha akanishika mkono na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mambo ni magumu? Mbona vitu vimekwisha?"

Hapakuwa na dhiki yoyote. Meza ya kioo tulikuwa tumeigawa, na taa ndefu ya kusimama tulikuwa tumeiondoa pamoja na waya wake uliokatiza zulia. Kitambaa cha meza kimekunjwa kabatini, vyombo vya maua vimepanda juu, na nusu ya midoli imefungwa kwenye boksi. Kilichobaki ni kochi, meza moja ya mbao isiyo na pembe kali, rafu fupi iliyoshikizwa ukutani, na sakafu kubwa safi. Mama aliona upungufu. Mimi niliona nyumba ambayo, kwa mara ya kwanza tangu mtoto aanze kutembea, ningeweza kuketi ndani yake bila roho kuwa mkononi.

Msimamo wangu ni kwamba mtoto anapozaliwa tunakimbilia kununua, na hapo ndipo tunapokosea. Tunanunua sponji za pembe za meza badala ya kuiondoa meza. Tunanunua kreti la tano la midoli badala ya kujiuliza midoli hiyo yote ni ya nini. Vipo vichache vya kununua kweli, geti la ngazi likiwa la kwanza, ila kazi kubwa ya kuifanya nyumba iwe salama ni kutoa vitu. Ukishatoa, unafuu wa kufanya usafi na uzuri wa kutazamwa vinakuja vyenyewe, kwa sababu kilichobaki kinaonekana.

Nilijifunza haya kwa hofu. Jioni moja nilikuwa nakunja nguo kitandani, mtoto yuko sakafuni mbele ya kabati la droo. Akavuta droo ya chini, akavuta ya pili, akaweka mguu. Kwake ile ilikuwa ngazi. Sikusikia kishindo, nilisikia chupa ya mafuta ikiserereka juu ya kabati. Nilipogeuka kabati zima lilikuwa limeinama kuelekea kwake. Nililizuia kwa bega. Chupa ilianguka kwenye vigae, shibiri moja kutoka mguu wake, naye akacheka akidhani ni mchezo. Usiku ule sikulala.

Ukilitazama kabati la namna hiyo utaelewa kwa nini linaanguka kirahisi hivyo. Droo zikiwa zimefungwa, uzito wake uko juu ya miguu yake. Ukizivuta droo mbili tatu zilizojaa, uzito unahamia mbele. Ongeza hapo mtoto wa kilo 11 anayening'inia ukingoni, au televisheni iliyowekwa juu, na hapo halihitaji kusukumwa. Watoto wengi wamekufa hivi, hadi Marekani ikatunga sheria mwaka 2022. Tangu 2023, makabati ya nguo yanayotengenezwa kwa ajili ya soko lake lazima yapimwe droo zikiwa wazi, juu ya zulia, na kwa nguvu inayolingana na mtoto wa hadi kilo 27. Lakini sheria hiyo haiyafikii makabati ya zamani yaliyomo vyumbani mwetu. Hayo dawa yake ni vyuma viwili vya pembe na skrubu ndefu, zishike zege au mbao, maana plasta peke yake haishiki kitu. Ni kazi ya nusu saa. Vitu vizito vikae droo ya chini, na juu ya kabati pasiwe na kitu chochote cha kumvutia mtoto apande. Nawaomba wazazi wenzangu: kama mtafanya jambo moja tu wiki hii, fanyeni hili.

Wapo wanaosema mtoto afundishwe kutogusa. Afundishwe, sawa. Ila mkono wa mtoto wa miezi 18 unafika kabla ya kumbukumbu yake. Ukimwambia "usiguse" mara arobaini kwa siku, unamchosha naye anakuchosha, na siku moja utakuwa umegeuka. Afadhali "usiguse" zibaki mbili tatu, jiko likiwa mojawapo, ili zikisemwa ziwe na uzito.

Ili kujua cha kutoa, piga magoti. Sisemi kwa mfano; tembea kwa mikono na magoti chumba hadi chumba. Mimi nilipofanya hivyo niliona chini ya kochi sarafu na kifuniko cha kalamu, na nyuma ya kabati la televisheni rimoti ya zamani ambayo kifuniko chake cha nyuma kimepotea. Ndani yake kulikuwa na betri ile ndogo bapa, duara kama kifungo cha shati. Hiyo ndiyo inayonitisha kuliko vitu vyote vidogo. Ikimezwa na kukwama kooni, umeme wake ukikutana na mate huanza kuunguza nyama, na ndani ya saa 2 tu madhara yanaweza kuwa makubwa. Mtoto anaweza asikohoe wala asilie. Ukishuku tu kwamba kameza, usimtapishe, usisubiri dalili, mkimbize hospitali. Na uzikague rimoti, mizani ya jikoni, kadi zinazoimba na mishumaa ya betri. Kama kifuniko hakina skrubu, kitu hicho hakina mahali katika nyumba yenye mtoto.

Maji nayo tunayadharau kwa sababu tumeyazoea. Sentimita 5 za maji ndani ya ndoo zinatosha kumzamisha mtoto aliyetanguliza kichwa, kwa kuwa kichwa chake ni kizito na mikono yake haina nguvu ya kujisukuma atoke. Ndoo imwagwe na ifunikwe kifudifudi mara tu kazi inapokwisha. Kama mna hita ya maji, ipunguzeni joto: maji ya nyuzi 60 humbabua mtoto kwa sekunde chache tu, ya nyuzi 49 huchukua dakika kadhaa, na katika dakika hizo utakuwa umemtoa. Kikombe cha chai nacho bado kinaweza kumuunguza robo saa baada ya kumiminwa. Ndiyo maana kitambaa chetu cha meza kimekunjwa kabatini. Mtoto akivuta ncha moja, vyote vilivyo juu vinamfuata. Na meza ya mbao iliyo wazi, ikifutwa vizuri, ni nzuri kuliko kitambaa chochote tulichowahi kutandika.

Kamba za mapazia zikatwe au zifungwe juu kabisa, na kitanda kisikae chini ya dirisha. Kama nyumba ni ya zamani, usikwangue rangi ukutani mtoto akiwemo. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Marekani iliipiga marufuku majumbani mwaka 1978, na kuta nyingi duniani ni za kabla ya hapo.

Kitanda cha mtoto mchanga ndipo urembo unapogombana na usalama waziwazi. Picha zinazosambaa mtandaoni zinaonyesha mito, midoli ya manyoya na kingo nene za sponji zilizofungwa kuzunguka fito. Zinapendeza, na ni hatari. Mtoto mchanga alale chali, kwenye godoro gumu lililo bapa, na pasiwe na kitu kingine. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6. Zile kingo za sponji Marekani imezuia hata kuuzwa, tangu 2022. Mzazi anayetaka kupamba apambe ukuta.

Na kupamba nataka. Sikubaliani kabisa na wanaosema urembo tutauona watoto wakikua. Mtoto naye ana macho. Maria Montessori, daktari na mwalimu Mwitaliano, alipofungua nyumba yake ya watoto Roma, Januari 1907, hakuwajaza watoto vitu. Aliwapa viti na meza za kimo chao, rafu wanazozifikia, na kila kitu mahali pake, na akagundua kwamba watoto wenyewe walipenda kurudisha vitu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, uliotoka 2018 uliwatazama watoto 36 wakicheza, mara na midoli 4, mara na 16. Walipokuwa na midoli michache walikaa na kila mmoja muda mrefu zaidi na kuuchezea kwa njia nyingi zaidi.

Kwetu rafu ina makapu manne tu, mengine yako kwenye boksi na tunayabadilisha kila baada ya wiki mbili. Boksi moja kubwa la midoli halifai. Kinachotakiwa daima kiko chini, basi lote linamwagwa. Kapu dogo mtoto analibeba mwenyewe, na kwa kuwa mbele yake nimebandika picha ya kilichomo, analirudisha akiwa anajisifu. Ukutani, usawa wa macho yake, tumebandika picha ya ndege, karatasi yenyewe tu, bila kioo wala fremu. Kila asubuhi anaigusa mdomo kwa kidole kabla hajaja kwetu.

Mama alikaa nasi wiki mbili. Siku ya pili nilimkuta mjukuu wake ameketi chini ya kiti, mkoba wa bibi umefunguka mapajani mwake, na mkononi ana kibahasha cha vidonge vya presha. Hakuwa amekifungua bado. Nyumba nzima tulikuwa tumeikagua, lakini mkoba wa mgeni hatukuufikiria. Mama alitetemeka kuliko mimi. Jioni ile nilitoa drili, nikatoboa ukuta karibu na mlango, juu kabisa, nikaweka ndoano moja ya shaba.

"Mama, mkoba wako una mahali pake sasa," nikamwambia.

Akautundika, akarudi nyuma hatua mbili kuutazama. "Hiki ndicho mlichoongeza?"

"Ndicho."

Akaenda kuketi sakafuni na mjukuu wake.