Kiharusi na vitamini D: jamani tupime presha kwanza

Siku hizi kwenye magrupu ya wasapu ndo usiseme, eti ukiwa na vitamini D ndogo kiharusi kinakunyemelea kwahiyo kimbilia famasi ukanunue kopo la vidonge vyake. Mi naona tunapelekwa siko.

Ni kweli tafiti nyingi zimekuta wenye vitamini D ndogo wanapata kiharusi zaidi. Sasa jiulize, hao ni akina nani? Mzee anayeumwa hatoki nje, mtu mnene maana hii vitamini inajificha kwenye mafuta ya mwili, mwenye figo mbovu, bosi ambaye jua analiona kupitia kioo cha gari (na kioo kinazuia ile miale inayotengeneza vitamini kwenye ngozi). Hao kiharusi kilishakuwa kinawatafuta kwa sababu zingine.

Wamarekani wakaamua kujaribu kabisa, utafiti unaitwa VITAL, watu 25,871, nusu wakapewa uniti 2,000 za vitamini D kila siku na nusu vidonge hewa (visivyo na dawa ndani), wakafuatiliwa kama miaka 5 hivi. Majibu yalitoka 2018, kiharusi hakikupungua, na mshtuko wa moyo pia haukupungua. Watetezi wanasema wengi wao hawakuwa na upungufu toka mwanzo, sawa, hiyo hoja ina uzito, ila haigeuki kuwa sababu ya kutuuzia makopo sisi wengine.

Tena kwetu! Wahadzabe na Wamasai walishapimwa vitamini D kwenye damu wakakutwa na wastani wa nanomoli 115 kwa lita, wakati wataalamu wengi wanaona 50 inatosha. Ngozi nyeusi inatengeneza taratibu lakini ukishinda nje inatengeneza tu.

Halafu kuna hesabu ambayo mi hainitoki kichwani. Kati ya 2003 na 2006 walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi Hai kule Kilimanjaro na Dar es Salaam, wakishasawazisha umri (ili tofauti ya idadi ya wazee na vijana isipotoshe hesabu) Hai ikawa 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Dar 315.9. Karibu mara tatu! Na Dar jua tunalijua lilivyo, linachoma mpaka lami inalainika. Najua jua peke yake sio kipimo cha vitamini, watu wa mjini wanashinda ndani, lakini mjini kuna presha, sukari, unene, sigara, chipsi zilizomwagiwa chumvi mpaka zinang'aa.

Presha ndo mwenyewe. Haiumi, haina homa, mtu yuko 180 kwa 110 anacheka na watu kijiweni, akipewa dawa anameza mwezi mmoja akijisikia poa anaacha, siku mdomo ukipinda na mkono ukalegea ndugu wanasema karogwa wanampeleka kwa mganga, masaa ya kumuokoa yanaishia huko.

Vitamini D sijaitukana. Mtoto mwenye matege anaihitaji, bibi mwenye mifupa laini pia, na daktari akikupima akakuandikia meza. Ila kumeza madozi makubwa kwa kubahatisha kunapandisha kalsiamu kwenye damu na figo ndo zinaumia. Kwahiyo hiyo hela ya kopo mi ningechangishana na ndugu tununue mashine ya presha ya mkononi, ikae sebuleni, na anayekuja kusalimia apimwe kabla ya chai.