Uzito wa Matokeo ya Mwaka wa Kwanza kwa Mwanafunzi wa Uhandisi

Mwanafunzi wa uhandisi anayeingia Chuo Kikuu cha Dodoma huenda akaambiwa na waliomtangulia, hata kabla hajapata chumba Ng'ong'ona, karibu na chuo, kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea chuo na kwamba GPA, yaani wastani wa alama ambao kilele chake ni 5.0, itapandishwa baadaye. Ushauri huo unakataliwa na hesabu yenyewe. Shahada ya uhandisi huchukua miaka 4, na GPA ya mwisho hukokotolewa kwa masomo ya miaka yote, kila somo kwa uzito wake. Tukichukulia kwamba miaka ina uzito sawa, aliyeanza na 2.8 atahitaji wastani wa karibu 4.9 katika miaka 3 iliyobaki ili afikie 4.4, ambako daraja la kwanza huanzia. Yaani apate A karibu kila somo. Akipata 4.0 katika kila mwaka uliobaki atahitimu na 3.7, daraja la pili la juu, na hiyo si shahada ya kuonea haya.

Namba ya mwaka wa kwanza, basi, ina uzito wa kama robo. Mimi naona uzito mkubwa zaidi uko katika kile ambacho mwanafunzi alikielewa ama hakukielewa. Aliyefaulu mekanika kwa kukariri mitihani ya miaka iliyopita atakutana na usawa wa nguvu kwa mara nyingine katika nadharia ya miundo, na huko mhadhiri hatarudi nyuma kumfundisha namna ya kuonyesha nguvu zinazotenda kwenye boriti. Kwa sababu hiyo namhofia zaidi mwenye A ya kukariri kuliko mwenye C aliyeipata kwenye sapu, yaani mtihani wa marudio, akatumia likizo nzima kurudia somo mpaka akalielewa.

Kuna somo moja ambalo alama zake nazitilia shaka kabisa, nalo ni michoro ya kihandisi. Kijana aliyesoma shule ya ufundi kama Ifunda au Tanga mara nyingi huja akiwa amekwisha kuzoea kuchora kitu kwa pande zake tatu, ilhali mwenzake aliyesoma PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) katika shule ya kata huenda hajawahi kushika rula ya T. Wote wawili hufanya mtihani uleule mwishoni mwa muhula, na tofauti ya alama zao husomwa kana kwamba ni tofauti ya akili. Nimeona vijana wenye uwezo wakifikiria kuhama uhandisi kwa sababu ya alama ya namna hiyo, na linaniuma. Ningependa idara zetu zitenge wiki za mwanzo za muhula wa kwanza kuwafundisha michoro wale wasiotoka shule za ufundi, kabla alama yoyote haijaandikwa.