Kuchakachua, upigaji, sponsa: maneno ya mtaani yanamsaidia nani?

Neno "kuchakachua" lilisambaa Tanzania kwa sababu ya mafuta ya magari. Kodi ya mafuta ya taa ilikuwa ndogo kuliko ya dizeli, kwa hiyo wajanja wakawa wanayachanganya na dizeli na kuuza mchanganyiko huo kwa bei ya dizeli. Pale kituoni dereva haoni tofauti yoyote. Anakuja kuijua siku fundi anapofungua pampu na kukuta imelika, maana mafuta ya taa hayalainishi vyuma kama dizeli. Ulipofika uchaguzi mkuu wa 2010, neno likahamia kwenye kura. Mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuukata mchezo huo, lakini neno lenyewe halikurudi nyuma. Leo kinachakachuliwa chochote: asali, mbolea, vyeti, matokeo ya mtihani.

Tulikuwa tayari na "kughushi" na "kuiba kura", na bado watu walilipokea hili kwa mikono miwili. Nadhani ni kwa sababu linasema jambo ambalo yale mengine hayasemi: kitu kimebaki na sura yake ileile, na ubovu uko ndani.

Wanaoilaumu lugha ya mtaani wana hoja. Mwalimu anayesahihisha insha na kukutana na "msela alinizingua, nikaona isiwe kesi" ana haki ya kusikitika, kwa sababu mtoto huyo kesho atatakiwa kuandika barua ya kuomba kazi na kusoma mkataba wa upangaji. Nairobi walimu wamelia hivyohivyo na Sheng kwa miongo kadhaa. Lakini hoja ya kwamba maneno haya yanaharibu Kiswahili mimi hainishawishi. Daladala ni la mtaani. Bodaboda ni la mtaani, tena la mpakani. Machinga limefika mpaka kwenye matangazo ya halmashauri. Mtu anayesema "buku jero" kwa konda anajua vizuri kuandika shilingi 1,500 kwenye risiti. Maneno mengi ya vijana hufa yenyewe kabla hata wazee hawajayasikia, na yanayobaki huwa yamepata kazi ya kufanya.

Kinachonisumbua ni hiyo kazi yenyewe. Neno likishazuliwa, linamsaidia anayeumizwa au anayeumiza?

Chukua "kausha damu". Katika lugha ya ofisini hii ni mikopo yenye riba kubwa na masharti magumu, inayotolewa mara nyingi na watu wasio na leseni inayotakiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Maneno hayo ni sahihi kabisa, na hayamwamshi mtu usingizini. Mama aliyekopa ili kuongeza mtaji wa genge, akachelewa marejesho, wakaja kumbebea mtungi wa gesi, godoro na runinga mbele ya watoto wake, hakusubiri istilahi. Yeye na wenzake waliita kausha damu, na jina hilo likapanda mpaka bungeni. Hapo mtaa umefanya kazi ambayo lugha sanifu haikuifanya.

Sasa chukua "upigaji". Mtu amechukua fedha za dawa za zahanati, tunasema "amepiga". Amepiga nini? Amempiga nani? Neno halisemi. Aliyeibiwa ametoweka kwenye sentensi, na aliyeiba amebaki na sifa ya ujanja, ya mtu aliyechangamkia fursa. Ndivyo ilivyo kwa "mchongo", kwa "ya soda", kwa "chai", na kwa "kitu kidogo" cha majirani zetu Wakenya. Hakuna anayesema wazi "naomba rushwa". Anaomba soda, na anayetoa anajisikia mkarimu badala ya kujiona ameonewa. Kuna ya ukatili zaidi: enzi za kilele cha Ukimwi tulisema mgonjwa "amekanyaga miwaya", kana kwamba ugonjwa ni uzembe wa miguu yake, na watu wakacheka.

Hata hivyo, kuficha si dhambi ya mtaani peke yake. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi Tanzania ilirekebishwa ikaruhusu "takrima", yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema. Takrima ni neno la heshima, halikuzaliwa kijiweni. Likafunika hongo kwa miaka kadhaa, mpaka Mahakama Kuu ilipobatilisha vifungu hivyo mwaka 2006. Kamusi haikutukinga.

Mfano unaoniuma kuliko yote ni wa wanaume watu wazima wanaowawinda wasichana wadogo. Mwishoni mwa miaka ya 2000 kampeni moja ya redio Tanzania ilimzua mhusika aitwaye Fataki, mtu mzima mwenye fedha na maneno matamu kwa wanafunzi, na katika kila tangazo akatokea mtu wa karibu kumwokoa binti. Jina likatoka redioni likaingia kwenye daladala. Mzee akimpa lifti binti mwenye sare, abiria kituoni walikuwa na la kumwita, na aliyeitwa hivyo aliona aibu.

Leo neno linalosikika zaidi ni "sponsa". Kwa watu wazima wawili waliokubaliana, waitane wapendavyo. Lakini likitumika kwa binti wa kidato cha pili, linamgeuza mhalifu kuwa mfadhili. Sheria ya 1998 ya makosa ya kujamiiana inaita ubakaji tendo la mwanaume kujamiiana na msichana wa chini ya miaka 18 asiye mke wake, na marekebisho ya 2016 yameweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi ujauzito. Anayefungwa miaka 30 hawezi kuwa mfadhili wa mtu.

Kwa hiyo nisingemwomba mwalimu apige marufuku maneno haya darasani. Ningemwomba aandike "fataki" na "sponsa" ubaoni, aulize wanafunzi yupi kati ya hao wawili wangempigia kelele barabarani, kisha awaache wabishane. Na mhariri anayependa "upigaji" kwenye kichwa cha habari alitumie tu, ila aya ya kwanza itaje nani amechukua, shilingi ngapi, na ni zahanati gani iliyobaki bila dawa.