Presha ya 146: kabla ya kidonge cha kwanza

Mtu anapimwa presha, anaambiwa ni 146 kwa 92. Haumwi popote. Hana kisukari, figo zake ni nzima, hajawahi kupata kiharusi wala ugonjwa wa moyo. Aanze dawa? Hapo ndipo madaktari wanapotofautiana, na wanaosema "tusubiri kwanza" huonekana kama wanaochezea uhai wa watu. Hawatendewi haki.

Hoja ya wanaotaka dawa mapema ni nzito, maana presha huharibu mishipa kimyakimya. Uchambuzi wa mwaka 2021, uliojumlisha majaribio 48 na watu zaidi ya 344,000, ulionyesha kuwa kuishusha namba ya juu kwa 5 tu hupunguza kwa takriban asilimia 10 matukio makubwa ya moyo na mishipa, hata kwa walioanza na presha isiyo kubwa. Mwongozo wa madaktari wa Marekani nao ulikwishashusha mpaka wa presha kutoka 140/90 hadi 130/80 mwaka 2017. Kinachosahaulika ni kwamba mwongozo huohuo haukusema kila aliyevuka 130 ameze dawa. Kwa wengi wa kundi hilo ulianza na chumvi, uzito na mazoezi.

Lakini asilimia 10 ya nini? Swali hili ndilo linalorukwa. Mwaka 1985 Uingereza ilichapisha matokeo ya jaribio la watu 17,354 wenye presha iliyopanda kiasi. Waliopewa dawa za kweli walipata viharusi 60. Waliopewa vidonge visivyo na dawa walipata 109. Ukiishia hapo, utasema dawa imeokoa karibu nusu, na ni kweli. Sasa geuza hesabu uitazame upande wa pili: watafiti wenyewe waliandika kwamba watu 850 wangehitaji kutibiwa mwaka mzima ili kuzuia kiharusi kimoja. Yaani katika hao 850, bila dawa wangeugua wawili hivi. Kwa dawa, mmoja hivi. Wengine wote wamemeza vidonge kila siku, na kwa upande wa kiharusi mwaka wao ungekuwa uleule. Vifo kwa jumla havikutofautiana. Tena wapo walioacha dawa kwa sababu ya jongo au kupungukiwa nguvu za kiume, na hao walikuja wakiwa wazima.

Sisemi kiharusi kimoja ni kidogo. Kinaweza kumnyang'anya mtu ulimi na mkono kwa asubuhi moja. Wala mwaka mmoja si maisha: mwenye miaka 40 ana miongo mbele yake, faida hujilimbikiza, na dawa za sasa zinavumilika zaidi. Hili ndilo jibu bora la upande ule, na linanisumbua. Ila madhara nayo huhesabiwa kwa miongo hiyohiyo. Mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha majaribio ya tiba, yaliyohusu watu 8,912 wa aina hii, hayakupata ushahidi wa wazi kwamba dawa zilipunguza vifo au viharusi, huku takriban asilimia 9 wakiacha dawa kwa sababu ya madhara. Watu hao 8,912 walikuwa wachache mno kuweza kukanusha faida yoyote, lakini ushahidi huo hautoshi kumwambia mtu mzima kwamba asipomeza anajiua.

Kuna pia kipimo chenyewe. Presha hupanda kwa wasiwasi wa kumwona daktari tu, na ikipimwa nyumbani kwa siku kadhaa huweza kushuka chini ya mpaka.

Mwongozo wa Uingereza wa 2019 unanishawishi zaidi: kwa aliye chini ya miaka 80, mwenye kati ya 140/90 na 159/99 na asiye na ugonjwa mwingine wa kuongeza hatari, dawa hujadiliwa pale uwezekano wake wa kuugua moyo au kiharusi ndani ya miaka 10 unapofika asilimia 10. Mwenye kisukari au aliyewahi kupata kiharusi hayumo katika mjadala huu, na anayemeza dawa tayari asiiache bila daktari wake. Huyu wa 146, tuseme hatari yake ya miaka 10 ni asilimia 3, anastahili kuonyeshwa zile 60, zile 109 na ile 850 kwa pamoja, kisha aulizwe anataka nini.